Nchi inapowaka moto: kupigana au kuhama?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kuna neno ambalo husemwa barazani, na wakati mwingine hata kwenye vizingiti vya misikiti yetu, anapopita mgeni aliyekimbia vita kwao. Husemwa kwa sauti ya chini, lakini mwenyewe hulisikia: mwanamume mzima ameiacha nchi yake, kwa nini hakubaki akapigana? Neno hili limewachoma Wasomali, Warundi na Wakongomani kwa miaka mingi, na tangu vita vya Sudan vilipozuka mwaka 2023 wameongezeka na ndugu zetu Wasudani. Leo tumeona ni wajibu wetu kulipima kwa mizani ya dini, kwani mwenye kulisema huenda anamtukana mtu aliyetii amri ya Mola wake.

Tumeichagua Sudan kuwa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, pande zote mbili za vita hivyo ni Waislamu. Wanaelekea Kibla kimoja na wanapiga takbira moja. Pili, Khartoum si mji wa kigeni kwetu. Walimu na masheikh wengi wa Afrika Mashariki walipata elimu yao katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko mjini humo. Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisoma huko walilazimika kutolewa chini ya milio ya mizinga na kurejeshwa nyumbani kwa kupitia Ethiopia. Yaliyowafika Wasudani, kwa siku chache, yaliwafika na watoto wetu.

Vita vya nani?

Risasi za kwanza zililia Khartoum asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya kumi la mwisho la mwezi mtukufu wa Ramadhani. Upande mmoja ni jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni Kikosi cha Msaada wa Haraka, maarufu kwa kifupi RSF, chini ya Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, ajulikanaye kwa jina la Hemedti. Wawili hao walikuwa washirika. Oktoba 2021 walishikana mikono kuipindua serikali waliyokuwa wakiiendesha pamoja na raia. Kilichowagombanisha ni lini na kwa namna gani kikosi cha mmoja kingeunganishwa na jeshi la mwingine, na nani angekuwa juu ya nani.

Hapakuwa na adui aliyevuka mpaka kuja kuuzima Uislamu, wala hapakuwa na msikiti uliofungwa ili watu wazuiwe kumwabudu Mola wao. Tarehe 11 Mei 2023 wajumbe wa pande zote mbili walitia saini mjini Jeddah, katika nchi ya Misikiti Miwili Mitakatifu, wakiahidi kuwalinda raia. Ahadi hiyo haikuheshimiwa. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2025, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 12 waliohamishwa makwao, ndani ya nchi na nje yake.

Takwimu ni rahisi kutamka. Tutazame nyumba moja moja. Mjini Khartoum na Omdurman, familia nyingi ziligawanyika usiku mmoja: mama, watoto na wazee wakapandishwa basi la kwenda kaskazini, baba au kijana akabaki kuilinda nyumba isiporwe. Waliofika Wadi Halfa, karibu na mpaka wa Misri, wakagawanyika tena. Wiki za mwanzo, wanawake, watoto na wazee waliruhusiwa kuvuka bila viza, ilhali wanaume wa kati ya miaka 16 na 50 walitakiwa kuwa nayo. Mama akavuka akilia, mwanawe akabaki kwenye vumbi akisubiri mhuri. Mwezi Juni mwaka huo viza ikawa sharti kwa wote.

Wengine laki kadhaa walikimbilia Wad Madani, mji wa kilimo kusini ya Khartoum, wakidhani wamefika salama. Tarehe 18 Desemba 2023 RSF ikauteka mji huo, nao wakabeba tena virago vyao. Baada ya hapo wito wa kushika silaha ulienea mijini na vijijini kwa jina la upinzani wa umma, na vijana ambao hawakupata kushika bunduki wakakabidhiwa. Hapo ndipo swali letu linapoingia sebuleni. Mtoto ana miaka 19. Mama amemshika mkono. Wenzake wako nje wanamwita. Je, aende au ahame na mama yake?

Vitabu vyetu vinasema nini?

Tuanze na hofu iliyo katika nyoyo za wengi. Kila aliyepita madrasa amefundishwa kuwa kukimbia siku ya mapambano ni miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, na aya ya 15 na ya 16 za Surat al-Anfal zinalikemea jambo hilo kwa ukali. Lakini maneno hayo anaambiwa nani? Anaambiwa askari aliyekwisha simama katika safu, katika vita vya haki, akikabiliana na jeshi la adui, kisha akageuza mgongo na kuwaacha wenzake. Haambiwi baba mwenye watoto watano ambaye mizinga ya majenerali wawili imemkuta kitandani. Kuihamisha hukumu ya askari na kumbebesha raia ni kumdhulumu raia, na ni kuidhulumu aya.

Kuhama kwa kuokoa roho na dini ni mwendo wa Mitume. Nabii Musa (A.S.) alipoletewa habari na mtu aliyetoka mwisho wa mji kwamba wakubwa wanapanga kumuua, aliondoka akiwa na hofu, akimwomba Mola wake amwokoe, kisa hicho kimo katika Surat al-Qasas, aya ya 20 na 21. Mwaka wa tano wa Utume, mateso ya Makka yalipozidi, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaelekeza sahaba zake Uhabeshi, kwa mfalme asiyemdhulumu mtu. Kundi la kwanza halikufika watu 20, na ndani yake walikuwamo Uthman bin Affan (R.A.) na mkewe Ruqayya, binti ya Mtume mwenyewe. Nani katika historia yetu amethubutu kumwita Uthman mwoga? Kisha ikaja Hijra ya Madina mwaka 622, na Waislamu wakaifanya kuwa mwanzo wa kalenda yao. Umma huu unahesabu miaka yake kuanzia siku ya kuhama.

Zaidi ya hayo, Surat an-Nisaa kuanzia aya ya 97 inatueleza habari za watu waliobaki chini ya dhulma wakidai walikuwa wanyonge, na Malaika wakawauliza kama ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa na wasaa wa wao kuhama. Wakavuliwa lawama wale tu ambao kweli hawana hila wala njia: wanaume wanyonge, wanawake na watoto. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuhama si kwamba anaruhusiwa tu. Huenda akaulizwa kwa nini hakuhama.

Na wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili hewani. Katika al-Minhaj ya Imam an-Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika mwambao wetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, imo milango ya mtu anayevamiwa. Muhtasari wake ni kwamba mvamizi huzuiwa kwa jambo jepesi kwanza. Akizuilika kwa maneno ni haramu kumpiga. Na mtu akiwa na njia ya kukimbia, kauli iliyotegemewa katika madhehebu ni kuwa kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Wasudani kwa asili ni watu wa madhehebu ya Malik, na katika Muhtasar wa Sheikh Khalil, ambao ni nguzo ya fiqhi yao, mna maana iliyo karibu na hiyo: asimjeruhi mvamizi yule awezaye kumkimbia bila ya mashaka. Basi tazama, ewe ndugu yangu: yule tunayemcheka barazani kwa kukimbia, vitabu tunavyovibusu vinasema ametenda lililompasa.

Upande wa pili wa mizani

Hata hivyo, tusiegemee upande mmoja tukaupotosha ukweli. Wanavyuoni hao hao wamesema kuwa kuzuia heshima ya mwanamke isivunjwe ni wajibu kwa mwenye uwezo. Na katika hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (R.A.), Mtume (S.A.W.) amemhesabu kuwa shahidi mwenye kuuawa akiitetea mali yake, dini yake, damu yake au ahli zake. Uislamu haukumwamuru mtu akae kitako huku binti yake akiburutwa. Pale njia ya kuhama ilipozibwa, hukumu hubadilika.

Miji miwili ya Darfur inatufunza jambo hili kwa uchungu. El Geneina ni mji wa Wamasalit, karibu na mpaka wa Chad. Mwaka 2023 wakazi wake walishambuliwa na RSF pamoja na wanamgambo walioungana nayo, na vijana wa mji wakajaribu kuzilinda mitaa yao. Tarehe 14 Juni gavana wa jimbo aliuawa, muda mfupi baada ya kuwatuhumu hadharani washambuliaji. Watu wakatoka kwa maelfu kukimbilia Adré, mwendo wa kilomita 30 hivi. Wengi waliuawa njiani, hasa wanaume na wavulana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa waliouawa katika mji huo mwaka 2023 ni kati ya 10,000 na 15,000.

El Fasher nayo ilizingirwa kwa zaidi ya siku 500. Boma la udongo lilichimbwa kuuzunguka mji ili asitoke mtu wala kisiingie chakula. Watu wakala ambazi, makapi ya karanga wanayolishwa mifugo. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, ndege isiyo na rubani iliushambulia msikiti watu wakiwa katika sala, na zaidi ya waumini 70 wakauawa. Mji ulianguka tarehe 26 Oktoba 2025, na waliosalimika walikwenda kwa miguu kuelekea Tawila, kilomita 60 hivi. Kijana aliyesimama na silaha mlangoni mwa mtaa wenye wagonjwa na vikongwe wasio na pa kwenda, sisi hatuna ulimi wa kumlaumu. Huyo alitetea nafsi zisizokuwa na hila wala njia.

Funzo tunalolichukua ni kuwa swali la kupigana au kuhama lina wakati wake. Njia iliyo wazi leo, kesho ina boma la udongo. Mwenye kuchelewa kwa kuogopa kuitwa mwoga, haibu hiyo huja kulipwa na watoto wake.

Panga la fitna

Sasa turudi kwa yule kijana wa miaka 19. Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na zama za fitna ambazo aliyekaa humo ni bora kuliko aliyesimama, na aliyesimama ni bora kuliko anayetembea. Abu Bakra (R.A.) akapokea kuwa Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, muuaji na muuawa wote wawili wana hatari ya Moto, kwa kuwa hata huyo muuawa alikuwa na pupa ya kumuua mwenzake. Watu wawili walimwendea Abdullah bin Umar (R.A.) wakati wa fitna ya zama zake wakamuuliza kinachomzuia kutoka. Akawajibu kuwa Mwenyezi Mungu ameiharamisha damu ya ndugu yake. Walipomkumbusha aya ya kupigana mpaka fitna iondoke, aliwaambia kuwa wao sahaba walipigana mpaka fitna ikaondoka, na hawa wanataka kupigana mpaka fitna iwepo. Na Uthman yule yule aliyehamia Uhabeshi, alipozingirwa nyumbani kwake mwaka wa 35 Hijria, aliwakataza sahaba wasichomoe panga kwa ajili yake.

Ni kweli kwamba sahaba wengine watukufu walisimama na Ali (R.A.), na aya ya 9 ya Surat al-Hujurat imeamrisha lipigwe vita kundi lenye kudhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Lakini aya hiyo imeanza kwa suluhu na imemalizia kwa suluhu yenye uadilifu. Mwenye kuishika katikati akaziacha ncha zake mbili, hakuishika.

Kwa hiyo tunamshauri kijana na wazazi wake wajiulize maswali matatu kabla mkono haujagusa chuma. La kwanza: je, ipo njia ya kuwatoa walio chini ya ulinzi wangu? Ikiwapo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na aliyewafikisha mama na wadogo zake salama amepigana jihadi kubwa. Mtume (S.A.W.) alimrudisha mtu aliyetaka kwenda jihadi akamwambia akafanye juhudi yake kwa wazazi wake waliokuwa hai. La pili: je, ninamlinda mtu au ninakilinda kiti? La tatu: aliyenipa bunduki hii, ataniruhusu kuiweka chini siku nitakapoona dhulma? Ikiwa jibu la hilo la tatu ni hapana, basi ajue kuwa si yeye aliyeishika bunduki. Bunduki ndiyo iliyomshika.

Wakiondoka wote, nani atabaki?

Wapo watakaosema kuwa wema wote wakihama, nchi wataachiwa mbwa mwitu. Hoja hii ina uzito. Lakini Wasudani wenyewe wameijibu kwa vitendo. Tangu siku za mwanzo za vita, vijana wa mitaa waliunda kamati walizoziita vyumba vya dharura. Bila ya silaha, wamepika chakula katika majiko ya umma, wametengeneza visima, wamewapeleka majeruhi hospitali na kuwazika maiti waliokosa jamaa. Majiko hayo wameyaita takaya, jina la zamani la nyumba za masheikh wa tarika walipokuwa wakilishwa wasafiri na mafukara. Msingi wa kazi yenyewe ni nafir, desturi yao ya kusaidiana inayofanana sana na msaragambo na harambee zetu. Wengine miongoni mwao wamekamatwa na wengine wameuawa, na pande zote mbili zimewashuku. Mwaka 2025 walitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, na malipo yaliyo bora yako kwa Mola wao.

Basi kubaki si lazima kuwe kubaki na bunduki. Aliyebaki na sufuria amebaki vilevile. Na aliyehama si lazima awe ameitupa nchi yake. Muhajirina walitoka Makka kwa siri, na mwaka wa nane Hijria wakarejea mchana kweupe, wakawasamehe waliowatoa. Anayehama akiwa na nia ya kurejea na kujenga, huyo ameiweka nchi yake moyoni.

Na sisi je?

Ndugu zetu, Uhabeshi haukuingia katika historia kwa sababu ya walioukimbilia peke yao. Uliingia kwa sababu ya Najashi. Makureshi walimpelekea zawadi ili awarudishe wale wakimbizi, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib (R.A.), akalia aliposomewa Surat Maryam, akazirudisha zawadi. Na watu wa Madina wametajwa kwa sifa katika aya ya 9 ya Surat al-Hashr kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao, ingawa wao wenyewe walikuwa na dhiki.

Mwenyezi Mungu ametupa nafasi kama hiyo. Wasudani wamefika mpaka Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, na wengine wamo katika miji yetu. Tunawaomba wazee wa mitaa walikemee lile neno la barazani. Tunawaomba walimu wa madrasa wawapokee watoto wa wageni hata kama hawana ada. Tunawakumbusha wenye mali kwamba msafiri aliyekatikiwa ametajwa katika wanaostahiki zaka, katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Na tunawausia maimamu na makhatibu wetu wasitumie mimbari kuwapeleka watoto wa watu katika vita ambavyo watoto wao wenyewe hawaendi.

Nchi yetu leo ina amani, na amani ni neema inayosahaulika upesi. Wakazi wa Khartoum nao walilala salama usiku wa tarehe 14 Aprili 2023, daku zikiwa mezani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azinusuru nafsi za wanyonge wa Sudan, Gaza, Kongo na kila palipo na dhulma. Awarejeshe waliohama majumbani kwao, awarehemu waliouawa, aziunganishe nyoyo za Waislamu, na atujaalie sisi kuwa majirani wema kwa wanaotukimbilia. Amin.

Wabillahi tawfiq.